Cheo "Afisa Ufundi", kazi ya fundi umeme

Kaka, nimekuelewa: una diploma, miaka minne umefunga nyaya Mombasa, ila barua ya kazi inakuita "Afisa Ufundi" na unahofia Kanada watakataa ombi lako la kuhamia huko kikazi. Cheo si hoja, wao huangalia majukumu. Fungua NOC, orodha yao rasmi ya kazi na majukumu yake, namba 72200 (mafundi umeme), ulinganishe na unachofanya kila siku. Kisha mwombe bosi barua mpya yenye majukumu, tarehe, saa kwa wiki na mshahara. Yangu ya kwanza ilikuwa mistari miwili, "ni mchapakazi", basi! Mwaka 1 mfululizo wa kazi, saa 1,560, unatosha kuanzia kwenye mpango wao wa Federal Skilled Worker (wafanyakazi wenye ujuzi). Diploma nayo itathminiwe mapema. Usitie chumvi; ukibainika umedanganya, unafungiwa miaka 5. Wakala akikuahidi viza, mdai kwanza namba yake ya leseni ya Kanada.