Mwanangu, kuhusu hiyo gana yako

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kama ni kweli wewe na huyo kijana hamtaelewana, kwa kuwa maharaj wa kwao, yule mnajimu wa Kihindu, amesema yeye ni Deva na wewe ni Rakshasa, na kwenye gana, yaani kundi la tabia, mmepata sifuri. Ukaongeza: mama, wewe unaamini? Nitafika huko. Kwanza hesabu, maana mimi nimekulia nyumba ambamo kundali, ramani ya nyota za mtu alipozaliwa, ilitangulia posa, na kwa kina baba yako hakuna wa kukueleza.

Mwezi hupita kwenye vituo 27 vya anga, nakshatra, karibu siku moja kila kituo. Kile ambacho Mwezi ulikuwamo ulipozaliwa ndicho kinachokupa gana. Vituo 9 ni vya Deva, watu wapole; 9 vya Manushya, watu wa kawaida wenye haya na yale; 9 vya Rakshasa, wakali, wenye kushikilia lao. Jina linatisha kwa sababu rakshasa wa hadithi ni zimwi, lakini hapa ni fungu tu, na fungu hilo lina theluthi ya vituo vyote. Karibu kila mtoto aliyezaliwa siku yako, awe Temeke au Surat kule India, ni rakshasa mwenzako.

Halafu gana ni jambo moja kati ya manane wanayolinganisha kwa wachumba. Jumla ya alama ni 36; gana ina 6, na mawili yanayoizidi, bhakuta na nadi, yana 7 na 8. Desturi ni kwamba 18 zinatosha. Ukikosa gana yote bado kuna 30 za kugombania, na wanajimu wengi husema kasoro hiyo hufutika kama sayari zinazotawala rashi zenu, yaani buruji za Mwezi, ni marafiki. Hukuniandikia mmepata ngapi kwa jumla. Nahisi hawakukutajia, na hilo limenikera kuliko sifuri yenyewe.

Sasa angalia ile picha ya fomu uliyonitumia. Umezaliwa saa mbili usiku. Wao wamejaza 2:00, na kompyuta ya maharaj, ambayo haijui saa za Kiswahili, ikaelewa saa nane za usiku, alfajiri ya tarehe ile ile. Hapo zimepotea saa 18. Mwezi hutembea kama nusu digrii kwa saa, kwa hiyo ni digrii kumi hivi, na kituo kizima kina digrii 13 na dakika 20. Wamekuweka Chitra, ya Rakshasa. Kituo kinachofuata ni Swati, na Swati ni Deva. Kuna uwezekano mkubwa kwamba wewe ni Deva kama yeye, alama 6 kamili.

Najua utacheka, kisha utataka kumpigia mama yake upesi. Wape saa sahihi, ni haki yao kwa kuwa waliiuliza. Ila usiwape kwa shangwe. Ukikubali leo kwamba Swati imekusafisha, umekubali pia kwamba Chitra ingekuchafua, na tabia yako ni ile ile niliyoijua tangu unakataa uji.

Kuhusu kuamini: mwanafizikia Jayant Narlikar na wenzake kule Pune, India, waliwapa wanajimu 27 kundali 40 kila mmoja, watenganishe za watoto wenye akili sana na za wale wenye ulemavu wa akili. Wastani wao ulikuwa asilimia 46, chini ya kurusha shilingi. Yalichapishwa mwaka 2009. Hawakupima gana, lakini kwangu mimi yametosha.

Hata hivyo siwadharau wazee. Bibi yako aliolewa na mtu ambaye hakuwahi kuketi naye hata jioni moja. Mzazi wa wakati ule angepimaje hasira ya mkwe asiyemjua? Na wala si Wahindi peke yao. Hapa pwani wapo waganga wa falaki wanaopiga hesabu za herufi za majina ya wachumba na ya mama zao, waone kama nyota zinaendana. Mimi na baba yako hatukupimwa, kwa sababu rahisi kwamba yeye hajui alizaliwa saa ngapi, na tarehe yenyewe kwenye cheti ni ya kukisia. Ba, mama yangu, alinuna, akazoea.

Wewe lakini umeshamwona huyu kijana akiwa amechelewa ndege, akiwa hana pesa, akiwa amekosea na hataki kukiri. Unayajua mengi kuliko jedwali.

Ninachohofia ni hilo neno kubaki nyumbani mwao. Siku utakapokataa kuacha kazi, au utakaposema hapana kwa wifi yako, mtu asije akasema, “Tuliambiwa mapema.” Yapo majedwali ambayo alama hubadilika kulingana na nani ni mume na nani ni mke, na ukali huo huo kwa mwanamume huitwa uimara. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, na kabla ya kurekebisha saa, kaa na huyo kijana mumalize jambo moja: mama yake aliposoma matokeo mezani, yeye alisema nini? Kama alinyamaza, nataka kujua alinyamaza kwa heshima au kwa kukubali. Nipigie ukishapata jibu, hata kama ni usiku.

Mama yako