DI aktivu au pasivu? Maswali yenu juu ya udi, besi, kinanda na kompyuta

Maswali ya safari hii karibu yote yanakizunguka kile kiboksi cha chuma kinacholala sakafuni jukwaani: DI (kifupi cha Kiingereza “direct injection”, yaani kuchomeka moja kwa moja). Kwa wasomaji wapya, kazi yake ni kupokea sauti ya chombo kwa jeki, kuishusha impidensi (ukinzani wake kwa mkondo, unaopimwa kwa omu), na kuitoa kwenye tundu la pini tatu ili isafiri mita 30 au 50 hadi kwenye mikser bila kuokota kelele njiani. Pasivu ni transfoma tupu. Aktivu ina saketi inayokula umeme, wa betri au wa mikser (zile volti 48 zinazopita kwenye waya wa maiki). Wengi mmeuliza ipi ni bora. Hapo sina jibu mpaka uniambie unachomeka nini.

Shikamoo fundi. Napiga udi katika kikundi cha taarabu. Nimebandika piezo ndani, usawa wa daraja, lakini nikichomeka kwenye mikser udi unalia kibatibati, hauna tumbo kabisa. Kijana wa mitambo anaongeza besi mpaka spika zinavuma. (Mpiga udi, Unguja)

Marahaba. Udi wako hauna kosa, na kijana naye anapambana na kitu ambacho hawezi kukitibu akiwa kwenye mikser.

Piezo, kile kibandiko kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, inatoa volti za kutosha ila haina ubavu wa kusukuma mkondo. Kiumeme ni kapasita ndogo, yaani kihifadhi chaji. Zile nyembamba za darajani huwa karibu na pikofaradi 1,000. Kapasita ikikutana na tundu la kuingilia, viwili hivyo vinakuwa chujio linalokata sauti nzito, na kadiri tundu linavyokuwa na omu chache ndivyo chujio linavyokula zaidi. Tundu la laini la mikser lina kiloomu 10 hivi. Hapo kila kilicho chini ya hezi 16,000 kinashuka, yaani karibu udi mzima. Ukipitia DI pasivu ya kawaida, yenye kiloomu 140, mkato unahamia kwenye hezi 1,100 hivi: afadhali, lakini tumbo bado hakuna. Kwenye megaomu 1 mkato uko hezi 160. Kwenye megaomu 10 uko hezi 16, ambako sikio halifiki. Sasa, uzi mnene ukiufunga kwenye do ya chini unapiga hezi 65. Hesabu mwenyewe unahitaji nini.

Kwa hiyo, ndiyo, kwako DI aktivu ni lazima. Ila neno hilo peke yake kwenye boksi lisikudanganye, kwa sababu aktivu hazilingani. Radial J48, ambayo kwa besi naipenda sana, ina kiloomu 220 tu. BSS AR-133 ina megaomu 1. Countryman Type 85 ina megaomu 10. Muuza duka akikusifia DI, mwombe karatasi yake na utafute mstari wa impidensi ya kuingilia. Akikuambia “hii ni orijino” badala ya kukupa namba, endelea na safari.

Jambo la pili ni waya. Waya wa jeki nao una ukapasita wake, pikofaradi 100 hivi kwa kila mita, na piezo inagawana nao volti zake. DI ikae miguuni pako, waya wa mita tatu unatosha. Urefu wote uliobaki uwe upande wa pini tatu, ambako hauna madhara. Mwenye fidla au kanuni yenye piezo, na mwenye nyatiti aliyoifunga piezo mwenyewe, jibu lake ni hili hili. Kama piezo yako imekuja na kikuza sauti chenye betri ndani ya chombo, basi kazi ngumu imeshafanyika humo ndani na hata DI pasivu itakufaa.

Na usikubali waongeze besi. Kinachopanda hapo ni ngurumo za jukwaa zima, miguu ya wacheza shoo ikiwamo.

Mwenye mitambo anataka kuichukua besi yangu kwa DI, mimi nataka ile sauti ya ampu yangu. Kila Jumamosi ni ugomvi. Besi haina betri. (Mpiga besi wa bendi ya dansi, Dar es Salaam)

Mnagombana bure. DI ina tundu la pili la jeki, la kupitishia. Besi inaingia tundu la kwanza, la pili linakwenda kwenye ampu yako kama kawaida, na pini tatu zinakwenda kwenye mikser. Wewe unasikia ampu, ukumbi unasikia DI, na kila mtu anapandisha yake bila kumbughudhi mwenzake.

Ukiona kuchomeka moja kwa moja ni kuidhalilisha besi, kumbuka kwamba mpiga besi James Jamerson alirekodi hivyo katika studio ya Motown, Detroit, miaka ya 1960. Besi ile ambayo dunia imeiiga kwa miongo iliingia kwenye mitambo bila kupitia ampu.

Aktivu au pasivu? Koili ya kunasia sauti ya besi isiyo na betri ikikutana na kiloomu 140 inapoteza ung'avu kidogo wa juu. Kwa besi nene ya dansi, inayotembea chini ya magitaa matatu, sidhani kama kuna mtu ukumbini ataugundua, na ule ujoto kidogo ambao transfoma inaipa sauti mimi binafsi naupenda. Kwa anayepiga kwa kidole gumba na kudonoa, aktivu itamtunzia ule ukali. Besi yenye betri haichagui.

Kama unachotaka kweli ni rangi ya ampu ifike ukumbini, basi tumia tundu la laini nyuma ya ampu kama lipo. Wengine huchukua kutoka tundu la spika. Inawezekana kwa DI iliyoandikwa kwamba inapokea spika, ikiwa na kipunguzi cha desibeli 40, na spika yenyewe ibaki imechomekwa. Ampu ya taa (ile ya valvu za kioo ndani) ukiiwasha bila spika unaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea, na bei yake inaweza kukununulia DI kadhaa.

Kanisani tumenunua DI aktivu mbili za kinanda. Sauti inakwaruza mpiga kinanda akikandamiza vidole vyote. Tumeuziwa feki? (Kiongozi wa kwaya, Morogoro)

Si lazima. Kinanda kinatoa sauti kubwa tayari, nacho hakina ile shida ya udi. Saketi ya aktivu inayoendeshwa na betri ya volti 9 haina nafasi kubwa juu. Mawimbi yakigonga dari yanakatwa vichwa, na ndiko huko kukwaruza. Bonyeza kitufe cha kipunguzi cha desibeli 20: sauti inashuka hadi sehemu moja ya kumi, kisha wa mikser aongeze kwake. Hakikisheni pia kwamba kinachokwaruza ni DI na si mikser. Taa nyekundu ya chaneli ikiwaka, tatizo liko huko.

Ila ningeulizwa kabla, ningesema nunueni pasivu ya stereo. Transfoma yake inapunguza sauti karibu mara kumi na mbili bila kitufe chochote, na haina betri ya kufa katikati ya pambio.

Kompyuta ya muziki wa kuimbia ikichomekwa chaja inatoa mlio wa nzi. Fundi mmoja amesema tuvunje pini ya ethi kwenye plagi. Mwingine amesema tununue DI aktivu. Nani mkweli? (Mwendesha shughuli za harusi, Mombasa)

Wa kwanza msimwite tena. Ethi ndiyo inayomlinda mwimbaji anayeshika maiki kwa mkono mmoja na nyuzi za gitaa kwa mwingine. Kelele inaudhi, volti 240 zinaua. Ethi ya plagi haiguswi, hata kwa dakika tano za wimbo mmoja.

Wa pili hakosei sana, ila kachagua dawa isiyo ya ugonjwa huu. Jaribuni kwanza: chomoeni chaja muziki ukiwa unacheza. Nzi akinyamaza, mmeshamjua. Chaja ina ethi yake, mikser ina ethi yake kutoka tundu jingine la ukutani, na waya wa sauti umeziunganisha zote mbili. Uchafu wa chaja unapita humo. Aktivu isiyo na transfoma haiwezi kuukata muungano huo kikamilifu, kwa sababu ikila umeme wa mikser inauhitaji waya ule ule wa ngao, unaozizunguka nyaya za sauti, kurudishia mkondo. Transfoma ya pasivu inavusha sauti kwa sumaku tu, bila waya kugusana na waya. Mkibonyeza kitufe cha kukata ngao, kile kilichoandikwa “lift”, njia ya kelele imefungwa. Kitufe hicho kinagusa waya wa sauti peke yake, hakigusi ethi ya umeme, ndiyo maana ni salama.

Kama hela hazijapatikana, chomekeni kompyuta na mikser kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi nzi anapungua, wakati mwingine anahama kabisa.

Nikiwasha umeme wa 48 kwenye mikser, gitaa langu halitaungua? Na kwa nini 48, si 50? (Mwanafunzi wa muziki, Bagamoyo)

Halitaungua. Volti zile zinaishia ndani ya DI, hazitoki kwenye tundu la jeki. Maiki za kawaida zilizochomekwa kwa waya mzima wa pini tatu nazo hazidhuriki, kwa kuwa pini 2 na pini 3 zinapokea volti zilizo sawa. Zima chaneli kabla ya kuwasha, maana mlipuko wake unaweza kuumiza spika.

Namba yenyewe ni ya mwaka 1966. Neumann, kampuni ya maiki ya Ujerumani, walikuwa wanaitengenezea redio ya taifa ya Norway maiki mpya, na redio ile tayari ilikuwa na umeme wa volti 48 wa taa za dharura. Wakautumia huo huo.

Kuna mtego mmoja ambao nakutana nao sana. Waya unafanya kazi vizuri na maiki, ukiuhamishia kwenye DI aktivu ni kimya. Watu wanailaumu DI. Kumbe pini 1, ile ya ngao, imekatika: maiki isiyotumia umeme inaweza kuishi bila hiyo, ila umeme wa DI hauna njia nyingine ya kurudi. Badilisha waya kwanza. Pia baadhi ya mikser ndogo hutoa volti pungufu ya 48. DI nyingine zinavumilia, nyingine zinagoma.

Narekodi nyumbani. Ninunue DI aktivu kwa gitaa la umeme? (Nairobi)

Hapana. Kitufe cha “Inst” au “Hi-Z” kwenye kadi yako ya sauti ni DI aktivu iliyokwisha kujengwa ndani, kwa kawaida yenye karibu megaomu 1. Hela hiyo nunua nyuzi mpya. DI itakuja kuhitajika ukitaka kurekodi ampu na sauti kavu (ya gitaa lenyewe, bila ampu) kwa pamoja. Ukifika huko, kumbuka kwamba maiki iliyo mita moja kutoka kwenye spika inachelewa milisekunde 3 hivi nyuma ya ile kavu. Visogeze visimame pamoja kwenye skrini, la sivyo vitakulana na gitaa litakonda.

DI yangu inamaliza betri kila wiki, na sina mikser yenye 48. (Arusha)

Chomoa jeki ukimaliza kupiga. Kwenye DI nyingi za betri jeki ya kuingilia ndiyo swichi yenyewe, hakuna nyingine. Ukiiacha imechomekwa usiku kucha, inakula usiku kucha.