Figo Hazihitaji Dawa ya Kusafishwa

Ukishuka stendi ya Kisumu, si ajabu kumkuta mtu na kipaza sauti akiuza chupa ya dawa ya rangi ya chai. Inasafisha figo, ini na damu, na ukimpa nafasi atakuambia inafukuza hata madeni. Mimi hupita tu. Dawa za mitishamba sizidharau, nimezinywa tangu utotoni. Lakini tangu nianze kumpeleka baba kliniki ya presha, nimewauliza wauguzi maswali mengi, na sasa siwezi kununua kitu cha kuosha kiungo ambacho chenyewe ndicho kinachoosha.

Tena kuosha ni sehemu tu ya kazi yake. Figo zetu mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku zinachuja maji ya damu yapatayo lita 180. Sasa jiulize, mbona tunakojoa lita moja hadi mbili tu? Ni kwa sababu figo hufanya kama mama wa soko la Kibuye aliyefungua robota la mitumba: anamwaga kila kitu chini kwanza, halafu anachagua cha kubaki nacho. Maji, chumvi na sukari hutoka pamoja na taka, kisha mirija midogo ndani ya figo huokota kile ambacho mwili unakihitaji saa hiyo. Sukari ya mtu mzima wa afya hurudi karibu yote. Asidi inayozidi hutupwa, ili damu isichachuke.

Ndiyo maana jua la Kisumu la saa saba halituui. Ukitoka jasho, ubongo hutuma homoni inayoziambia figo zibane maji, na mkojo unakuja kidogo, wa rangi nzito. Ukinywa maji mengi, unatoka mweupe. Kinachobadilika ni mkojo, ili damu ikae vilevile. Kwa hiyo usijilazimishe kunywa madebe ya maji kwa sababu umesoma mahali. Fuata kiu, na uangalie rangi: ikiwa ya njano iliyopauka, uko sawa. Ikibaki nzito siku nzima, ongeza maji. (Aliyeambiwa na daktari apunguze maji, haya hayamhusu.)

Kwetu Kakamega mboga ya mrenda bila musherekha si mrenda. Ile chumvi ya majivu ya maganda ya maharagwe ina potasiamu nyingi, ilhali magadi ya dukani yana sodiamu. Figo nzima hutoa ziada ya potasiamu bila wewe kujua. Zikidhoofika, potasiamu hubaki kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, wakati mwingine bila dalili yoyote. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kuhusu musherekha, ndizi na parachichi kabla ya kula kama zamani. Asiyeumwa ale mrenda wake kwa amani, ila chumvi kwa jumla isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile iliyo ndani ya mkate na viungo vya pakiti.

Kinachonikera zaidi ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zinanunuliwa kama peremende. Mwendesha boda anashinda juani bila maji, mgongo unamuuma, anameza mbili, kesho tena. Mwili ukikosa maji, figo hutoa kemikali za kupanua mishipa yake ili damu iendelee kufika. Dawa hizi huzuia kemikali hizo. Ukiwa unahara, unatapika au hujanywa maji, ziache kabisa. Mwenye presha, sukari au umri mkubwa asizimeze bila kumuuliza daktari. Parasetamoli kwa kipimo chake huwa salama zaidi kwa figo.

Presha na sukari ndizo zinazoharibu figo za watu wazima wengi, na hufanya hivyo kimyakimya. Ukisubiri miguu ivimbe au uishiwe na damu (figo pia hutoa homoni ya kuchochea chembe nyekundu), umechelewa sana. Kama una mojawapo ya magonjwa hayo, omba vipimo viwili angalau mara moja kwa mwaka: cha protini kwenye mkojo na cha kreatinini (taka ambayo figo huitoa) kwenye damu. Usiogope kuonekana msumbufu. Baba huona haya kuuliza, kwa hiyo nauliza mimi.

Na karatasi za majibu usizitupe. Sisi tunaziweka kwenye bahasha moja na kwenda nazo kila safari, kwa sababu daktari anataka kuona kama kreatinini ya leo imepanda kuliko ya mwaka jana, na karatasi ya leo peke yake haiwezi kumwonyesha.