Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama kijijini kulikuwa kuzuri kweli

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara nyingi tu. Umeniuliza, "Mama, hivi kijijini kulikuwa kuzuri kweli au ni vile tu mlikuwa vijana? Manake mji umenichosha, nawaza nirudi." Nimeona nikujibu kwa barua kwa sababu kwa simu utaniambia uko kwenye foleni, tutasikilizana nusunusu alafu mtandao ukate.

Hilo la ujana lina ukweli wake. Wanaochunguza kumbukumbu wanasema mtu mzima ukimuuliza habari za maisha yake, yanayomjia kwa wingi ni ya kuanzia miaka 10 hivi mpaka 30, na machungu ya zamani yanafifia haraka kuliko raha. Kwa hiyo ukinisikia nakusifia kijiji, punguza kidogo. Ila usipunguze yote mwanangu.

Nikikwambia tulikuwa tunaenda kuteka maji tunaimba, ni kweli tuliimba, lakini ndoo ya lita 20 ni kilo 20, ziko kichwani, na njia ni ya kupanda, na kesho tena, na waliobeba tulikuwa sisi wasichana, kaka zetu walikuwa na kazi nyingine. Na haya hayajaisha, mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema watu bilioni 1.8 bado wanaishi kwenye nyumba zisizo na maji hapo hapo nyumbani, na katika nyumba 7 kati ya kila 10 za namna hiyo wanaokwenda kuteka ni wanawake na wasichana. Ndio maana mtu akiniambia maisha ya kijijini yalikuwa mepesi huwa namuuliza, mepesi kwa nani? Na watoto nao walikuwa wanatutoka. Hata juzi juzi tu hapa, mwaka 1990, duniani kote kati ya watoto 1000 waliozaliwa hai 93 hawakufikisha miaka mitano, ilipofika 2022 wakawa 37, na kilicholeta nafuu hiyo ni pamoja na chanjo, maji safi, dawa na wakunga waliosomea. Kwa hilo la watoto mimi sirudi zamani hata kwa kuburutwa.

Sasa nikwambie ninachokimisi.

Namisi giza. Giza lenyewe, lile la kuweka mkono mbele ya uso usiuone. Ulipokuwa mdogo ulikuja likizo ukaangalia juu ukaniuliza ule moshi mweupe angani unatoka wapi, nikakwambia sio moshi, ni nyota zimejazana, ndio Njia ya Maziwa, ukakataa kwenda kulala. Kumbe wenzio wengi hawajawahi kuiona, watafiti waliochora ramani ya mwanga wa usiku mwaka 2016 walikuta kama theluthi ya watu wote duniani hawawezi kuiona wakiwa pale wanapoishi, taa za miji zimeifuta. Na giza lile lilikuwa linatulaza. Mwili wa mtu ukiona giza unatoa homoni inaitwa melatonini, ndiyo inayouambia sasa ni usiku, na mwanga mkali, hasa ule wa bluubluu wa kwenye skrini, unaichelewesha. Sisi usingizi hatukuwa tunautafuta, ulikuwa unatukuta tumekaa.

Kingine, na hiki ndicho nadhani kinakuuma wewe ingawa hukukitaja, ni kujulikana. Kijijini mlango wangu usipofunguka mpaka jua limepanda, lazima mtu angekuja kugonga. Mjini unaweza kuumwa wiki nzima na jirani wa ukuta mmoja asijue, na sio kwamba ana roho mbaya. Kuna msomi Mjerumani, Georg Simmel, aliliandika hili mwaka 1903, kwamba mtu wa jiji anakutana na sura na kelele nyingi mno kwa siku, kwa hiyo moyo unajifunga ili usichoke, anapita watu kama hajawaona. Naye msomi mwingine, Robin Dunbar wa Uingereza, akaja kukadiria miaka ya 1990 kwamba mtu anaweza kuwa na uhusiano wa kweli na watu kama 150 hivi. Hiyo ni sawa na kijiji kidogo kizima, lakini mjini unaweza kuwapita wengi kuliko hao kabla hujafika kazini!

Ila kujulikana huko huko kunakaba. Ukilia wanajua, ukichelewa kurudi wanajua, msichana akikataa mchumba inakuwa habari ya kila kibaraza. Wenzangu wengi walikimbilia mjini kwa ajili hiyo wala siwalaumu, walitaka mahali pa kupumua. Umoja wa Mataifa wanasema mwaka 1950 watu kama 30 kati ya kila 100 ndio walikuwa mijini, na kufikia 2007 wa mijini wakawa wamewapita wa vijijini, sasa umati wote huo huwezi kuniambia ulidanganywa.

Kwa hiyo kuhusu kurudi, mimi naona hujachoka na mji wenyewe, umechoka kuishi pasipo mtu wa kukuulizia, na jioni zako zote zimeliwa na simu. Anza na hapo ulipo. Jua jina la jirani yako na la watoto wake, mwachie mmoja wao namba yangu, simu iache sebuleni ukienda kulala, ujaribu hivyo kwa muda, sio siku mbili.

Ikiwa bado moyo unavuta, njoo, chumba kipo. Lakini usije wakati wa sikukuu ambapo wote tumevaa vizuri na nyumba imejaa. Njoo masika, barabara ikiwa tope, mgonjwa anatakiwa kufikishwa hospitali na gari haipiti, ukae mpaka uzoeleke watu waanze kukusema. Hapo ndipo uniambie unabaki au unaondoka, na lolote utakaloamua nitakuunga mkono.

Mama yako