Dua ni ya Waislamu peke yao?

Mama moja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniuliza: «Pasta, mu selile yetu ya maombi nilisema "Mungu sikia dua yangu", ndugu moja akanikatiza, ati dua ni neno ya Waislamu, mukristo anasema maombi. Nilifanya zambi?»

Hapana mama, zambi haiko. Na roho inaniuma kusikia balikukatia maombi katikati.

Ni kweli dua inatoka mu Kiarabu, na mzizi wake ni kuita, kumuita mutu akusikie. Kiswahili ilitufikia huku kupitia Maniema na bachuuzi ba pwani mu karne ya 19, njo maana imebeba Kiarabu mingi. Sasa kama tunatupa dua juu ya ile, tutupe pia sala, imani, zambi, baraka, sadaka, roho, Injili, na hata neno kanisa, yote ilipitia mu Kiarabu.

Fungua 1 Timoteo 2:1 mu Biblia ya Kiswahili, ile ya Union: Paulo anataka «dua, na sala, na maombezi, na shukrani». Dua njo ya kwanza. Mu Kigiriki aliandika deesis, neno yenye kutoka kwa kupungukiwa, kukosa kitu. Ni maombi ya mutu mwenye hana. Neno ile ile malaika alimuambia Zakaria mu Luka 1:13, muzee mwenye hakukuwa na mutoto na bibi yake alikuwa tasa.

Kiebrania njo inanigusa zaidi. Banasema techinnah, inatoka kwa chanan, kuhurumia, kupa mutu neema, na jina ya Hana, ule mama aliomba Mungu mutoto, iko mu mzizi ule ule. Unamukumbuka Hana kule Shilo, midomo inacheza, sauti haisikike, kuhani Eli anafikiri amelewa, kumbe mama wa bantu anamwaga roho yake mbele ya Mungu. Mwenye kupiga dua hadai deni, anaomba kitu yenye hana haki nayo, anaangalia tu huruma ya mwenye kupana. Hata Sulemani, mufalme muzima, mu 1 Wafalme 8 alipiga dua na magoti chini, mikono imefunguliwa kuelekea mbinguni.

Ninakazia hii juu siku hizi tunasikia bantu banamuamrisha Mungu, «leo utafanya!», mikro inalia mpaka avenue ya tatu. Kupaza sauti si mubaya, Bartimayo, ule kipofu, alipaza kumuita Yesu, bantu bakamukemea anyamaze, yeye akazidi, lakini alisema «unirehemu».

Na wewe balikukemea hivyo mama. Huyo ndugu umuonyeshe ile verse ya Timoteo polepole, bila kugombana, na ile dua balikatiza, urudilie leo usiku toka mwanzo.