Kabla hujalipia studio, tafuta kwanza pa kupiga

Vijana mnaopiga kinanda kanisani huku Jinja, nawaandikia kwa sababu kila mara ananijia mmoja kuniuliza prodyuza wa Kampala anachukua shilingi ngapi. Mimi nililipa laki nne kurekodi wimbo mmoja, wakati huo nyimbo nilizokuwa nazijua vizuri hazifiki kumi na tano, redioni ukapigwa mara mbili basi, halafu nilipoitwa kwenye harusi, baada ya nusu saa nikawa sina cha kupiga tena. Iliniuma sana.

Aliyenifungua macho ni Roberta Flack, yule mama mwimbaji na mpiga piano wa Marekani. Baba yake aliokota piano kuukuu jalalani akaisafisha, akaipaka rangi ya kijani, binti akaanzia hapo, na miaka 15 tu akaingia Howard University kwa skolashipu ya muziki. Ungedhani atatoka haraka, lakini wapi! Alifundisha shule miaka kadhaa, usiku anapiga piano migahawani Washington, mpaka 1968 akapata pa kudumu, Mr. Henry's, watu wakajaa hadi mwenye baa akamtengenezea ukumbi ghorofani. Hapo ndipo Les McCann, mpiga piano wa jazi, alipomsikia akamfikisha Atlantic, kampuni ya kurekodi muziki. Kwenye majaribio alipiga nyimbo 42 kwa saa tatu. Arobaini na mbili! Ndiyo maana albamu yake ya kwanza, First Take ya 1969, ilirekodiwa kwa saa 10 tu, vidole vilishazizoea. Na bado ilibidi asubiri, namba moja kwenye chati za Marekani aliipata 1972 baada ya mwigizaji Clint Eastwood kuweka wimbo wake mmoja kwenye filamu, Roberta ana miaka 35.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda hoteli ndogo uombe Ijumaa jioni, hata wakikupa chakula na hela ya boda kubali. Mimi nilianza hivyo, na pale ndo nilijifunza kuangalia sahani: ukipiga wimbo watu wakaacha kutafuna samaki wakainua macho, huo uandike kwenye daftari, andika na kii yake, yaani sauti uliyoupigia, usiokuwa na mtu anayeugeukia ufanyie kazi upya nyumbani. Siku umeme ukikatika imba hivyohivyo bila kinanda, utajua sauti yako ikoje.

Kazi ya mchana usiache bado. Daftari langu sasa lina nyimbo 93, na studio narudi mwezi ujao.