Kabla Hujanunua Kifaa cha Nne cha Wi-Fi

Wiki hii dada mmoja wa Mwanza ameniandikia. Ana nyumba ya ghorofa mbili, vifaa vitatu vya meshi (vile vinavyopokezana Wi-Fi kimoja hadi kingine ili ifike nyumba nzima), na chumba cha juu ambako simu inaonyesha Wi-Fi imejaa lakini video hazifunguki. Muuzaji amemshauri aongeze kifaa cha nne. Anauliza, aongeze?

Dada yangu, usiongeze. Ningeweza kuishia hapo, lakini ushauri huohuo wa cha nne niliwahi kupewa mimi, tena na mtu aliyenitazama kama nimekuja kumpotezea muda, kwa hiyo leo mtanivumilia.

Kazi yangu ni kufundisha wageni Kiswahili kwa video. Tunaishi nyumba ya familia Mbezi Beach, Dar es Salaam: wazazi chini, kaka yangu na familia yake ghorofa ya kwanza, mimi juu kabisa kwenye utulivu na upepo. Faiba inaingia sebuleni kwa wazazi, nyuma ya televisheni, kifurushi cha Mbps 50, yaani spidi ya megabiti 50 kwa sekunde. Kaka ndiye aliyenunua meshi na kupachika nodi, yaani kifaa kimoja cha meshi, kila ghorofa, zote katikati ya nyumba, moja juu ya nyingine. Chini mambo yakawa safi. Kwa kaka, si haba. Kwangu somo lilikuwa linaanza vizuri, tukifika kwenye ngeli uso wangu unaganda mdomo wazi.

Nilikuwa na mwanafunzi Mjerumani, mtu mzima, anajiandaa kwenda kufanya kazi Tanga. Analipa kwa wakati, anafanya mazoezi yote, anauliza maswali yanayonifanya na mimi nikafungue kamusi. Siku moja akaniandikia kwa upole mkubwa kwamba amepata mwalimu mwingine ambaye mtandao wake haukatiki. Afadhali angesema sijui kufundisha. Bado linaniuma, na wenzangu mnaokula kwa kompyuta mnanielewa.

Nikapiga simu kwa watu wa faiba. Wakasema laini yao haina shida, tatizo ni vifaa vyenu. Nikaita fundi. Akazunguka nyumba nzima na simu mkononi, akasema vifaa havina shida, tatizo ni watu wa faiba. Akachukua hela yake akaondoka. Nikarudi dukani, ndipo nikaambiwa, "Nyumba yenu kubwa, ongeza ya nne." Hakuna hata mmoja kati yao aliyepima kitu.

Basi nikaamua kupima mwenyewe, mwalimu wa lugha. Na kipimo cha kwanza ambacho kila mtu angepaswa kukifanya kabla ya kugombana na yeyote ni hiki: chukua kompyuta, ichomeke kwa waya moja kwa moja kwenye kisanduku cha faiba, pima spidi. Nilipata 50 kasoro kidogo. Maana yake laini ilikuwa nzima na watu wa faiba walikuwa wanasema kweli, ingawa kwa majivuno. Kipimo cha pili ni kupingi rauta yako yenyewe, yaani kuitumia ujumbe mdogo na kuona jibu linarudi baada ya muda gani, ukiwa chumba chenye shida. Kwa wengi anwani yake ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Majibu yakirudi kwa milisekunde chache bila kupotea, ndani ya nyumba kuko sawa, tatizo liko nje. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, pingi ya rauta nyumbani ingekuwa nzuri kabisa huku hakuna kinachofunguka. Kwangu ilikuwa kinyume: jibu moja linarudi kwa milisekunde 8, linalofuata 400, jingine halirudi kabisa. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba.

Hapo nikapakua WiFi Analyzer kwenye simu ya Android, na kusema kweli ndiyo iliyonifungua macho. Zile baa za pembeni ya saa zinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na nodi iliyo karibu yako. Hazisemi chochote kuhusu hali ya nodi hiyo na mwenzake wa chini. Chumbani kwangu simu ilikuwa inasoma -45 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi, kadiri kinavyokaribia sifuri ndivyo bora), nguvu ya kifahari. Lakini nilipoiweka simu palepale nodi ya juu ilipokaa nikapima nodi ya ghorofa ya kwanza inasikikaje, nikaona -79. Namba hizi zina hila: kila ukishuka 3 nguvu inapungua nusu, ukishuka 10 inabaki sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo -67, ambayo kwa video inatosha, na -77 zinaonekana jirani kumbe moja ina nguvu mara kumi ya nyingine. Nodi yangu ilikuwa inanigawia kwa ukarimu kitu ambacho yenyewe haina.

Sababu ni sakafu. Kati ya ghorofa na ghorofa kuna zege nene lenye nondo, na mawimbi ya Wi-Fi, hasa ya 5 GHz, yaani yale ya masafa ya juu, yanapita humo kwa taabu kuliko kwenye ukuta wa tofali. Tena antena nyingi za vifaa hivi hazimwagi mawimbi sawasawa pande zote. Yanatanuka kwa ubavu kama donati iliyolala mezani, na juu kabisa na chini kabisa ndiko kunakopata kidogo. Kwa hiyo kupanga nodi moja juu ya nyingine ndani ya nyumba ya zege ni kuzilaza kila moja kwenye kivuli cha mwenzake. Na hata zinaposikilizana, nodi nyingi zisizo na waya zinapokea na kutuma kwa redio ileile, hivyo kila mruko, yaani kila safari ya nodi hadi nodi, unaweza kula takriban nusu ya spidi. Mimi nilikuwa mruko wa pili. Sasa nodi ya nne ingefanya nini hapo? Ingeongeza mruko, au ingegombania chaneli ileile, yaani njia ileile ya hewani, na wenzake.

Nilizihamishia ngazini. Ile nafasi ya ngazi ndiyo sehemu pekee katika nyumba ya ghorofa ambako hakuna zege la kupenya, kuna hewa tu. Nodi ya kaka ikakaa mwanzo wa ngazi za kuja kwangu, yangu ikakaa juu ya ngazi hizohizo, zinaonana. Kutoka -79 nikaja -63. Spidi iliyokuwa inasuasua kwenye 6 ikapanda mpaka 22. Bila kununua hata skrubu. Kaka alikuwa amecheka tangu asubuhi, "Mwalimu wa ngeli leo fundi mitambo," mpaka alipojipimia mwenyewe. Alinyamaza, halafu akaniomba nimpangie na yake vizuri. Sikumnyima, ila nilimchelewesha kidogo.

22 inatosha kwa somo la video. Mimi sikutosheka, kwa sababu Mjerumani wangu alikuwa bado kichwani. Nikavuta waya kutoka chini hadi juu, kupitia upande wa nje yanakopanda mabomba ya maji. Waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e unabeba gigabiti moja kwa sekunde (Mbps 1,000) hadi mita 100, usikubali kutishwa kwamba lazima ununue waya ghali. Kitu cha kukataa ni waya wa alumini uliopakwa shaba. Kwangua ncha kwa kisu, ukiona ndani ni nyeupe inayong'aa, urudishe dukani. Na unaopita juani uwe wa nje, wenye ganda jeusi linalovumilia jua. Nodi zote tatu sasa zimeshikwa na waya, hewa imebaki kwa ajili ya simu na kompyuta peke yake, na mimi juu napata 47 saa mbili usiku watoto wa kaka wakiwa kwenye katuni.

Tangu hapo darasa langu limejaa, nina watu wanaosubiri nafasi. Silisemi kwa kujisifu. Au nalisema, maana nililipia.

Mengine ni madogo lakini yafanye. Zima Wi-Fi ya kisanduku cha faiba chenyewe, la sivyo simu zitaing'ang'ania hiyo dhaifu. Kama kisanduku kinagawa anwani, weka meshi kwenye hali ya kusambaza tu (access point au bridge mode), rauta mbili zikigawa anwani printa na televisheni havionani na simu. Kwenye 2.4 GHz, masafa ya chini ya Wi-Fi, chagua chaneli 1, 6 au 11, usikae katikati yake. Ondoa nodi nyuma ya televisheni, kioo kikubwa au tangi la samaki.

Na vijana wenzangu, tuache kununua kwa hofu. Mtu akikuuzia kifaa mwambie akuonyeshe namba kwanza. Asiyeweza kupima asikuuzie, na wewe usiyepima usilalamike kuibiwa. Tunasema tunataka kufanya kazi na dunia nzima tukiwa nyumbani, halafu hatujui nodi yetu inasikika kwa dBm ngapi.

Kwa mnaojenga sasa hivi, na najua mko wengi, msisubiri yafike huko. Kabla ya plasta mwambie fundi umeme apitishe paipu ya inchi moja kutoka inakoingilia faiba hadi dari ya kila ghorofa, mbali na paipu za umeme, kona zake ziwe za kupinda taratibu. Mwambie aache waya mwembamba wa kuvutia humo ndani, na ncha zake azifunge, maana wapiga plasta wakizikuta wazi watazijaza saruji.